Jicho la Fundi Stephano

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mabati na misumari vikajaa madukani Lushoto, kila mtu Shume alitaka kuezeka upya, na kila aliyetaka kuezeka alimwita fundi Stephano. Stephano hakuwa na habari ya kupima pembe. Alifumba jicho moja, akaitazama kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, akasema imekaa sawa. Binti yake Rahabu, aliyemshikia mbao kila likizo, alirithi ugonjwa huohuo.

Darasa la saba jicho hilo lilimpa raha. Mwalimu Yunis alichora pembetatu ubaoni kwa vipimo kamili, akafundisha kwamba nyuzi zote jumla yake ni mia na themanini: jumlisha mbili ulizopewa, toa, upate ya tatu. Rahabu hakujumlisha wala hakutoa. Alitazama tu, akapata. Mwalimu alimwonya kwamba watunga mtihani wa taifa hawachori kwa vipimo. Rahabu aliona ni wivu.

Mtihani ukaja. Shule yao ilikuwa haijapeleka msichana hata mmoja kidato cha kwanza, na Rahabu alikitaka kidato hicho kuliko chakula. Akikikosa, shangazi yake wa Mlola alishamtengea jembe na matuta ya kabichi. Swali la pembetatu lilitoa nyuzi sitini na hamsini. Pembe ya tatu, kwa kuitazama, ilikuwa tisini kabisa, kama kona ya mlango. Tisini ilikuwemo kwenye majibu. Sabini nayo ilikuwemo.

Alikwama. Kuchagua sabini aliona ni kumwita baba yake mwongo. Akainua macho kwenye kenchi za darasa, kazi ya baba yake mwenyewe. Chini ya ile ya pembeni lilikaa beseni la kukingia maji ya mvua. Miaka yote Stephano alisema kosa ni la misumari. Rahabu akajumlisha, akatoa, akachagua sabini.

Alifaulu. Baba yake alipouliza kama jicho lilimsaidia, alitamani sana kusema ndiyo.

"Hapana, Tate," alisema. "Jicho lilisema tisini. Na kenchi ya darasani inavujisha kwa sababu ya pembe, si misumari."

Stephano aliweka chini kikombe cha chai. Kisha akamwomba mkebe wake wa hesabu, akatoa kipimapembe, akabeba ngazi kwenda shuleni.

Kidato cha kwanza, mwalimu wa hesabu alikagua mikebe. Wa Rahabu haukuwa na kipimapembe. Alipoulizwa kiko wapi, alijibu kwamba kiko kwa baba, juu ya paa. Alipigishwa magoti kipindi kizima kwa ujeuri. Nje masika yalikuwa yanamwagika, na Rahabu alipiga magoti kwa furaha, maana alijua kule Shume beseni ni kavu.