Kitambaa cha Taya

Msimamizi wa ghala alimpiga shemeji yangu Jamaldin, hamali wake, kidevuni kwa mpini wa ndoana ya magunia. Kosa lake lilikuwa kuuliza kwa nini mahamali waliogoma ndio wanaopangiwa mizigo mizito. Huo ni mwaka wa 1947, na asiniambie mtu kwamba hayo ni ya kale. Mwenye kupiga husahau upesi.

Kesho yake taya likakaza. Kinywa kikawa hakipitishi ila ncha ya kijiko. Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwao Kibokoni, kwa maana siku zile zile Jamaldin alikuwa amechomwa na msumari mguuni, na Mji wa Kale mzima wajua pepopunda huanzia wapi. Huanzia tayani. Kisha hushika shingo, kisha mgongo hupinda kama upinde, na mtu hufa akili zake timamu. Jirani mmoja alikuja kumjulia hali, akamtazama mara moja, akaaga bila kumaliza kahawa yake. Dada yangu Khairiya akawa kutwa anampapasa mumewe shingo, kuona kama bado yalegea.

Tukampeleka kwa Daktari Nuruddin. Alipombonyeza mbele ya sikio la kushoto, Jamaldin alinguruma kwa meno yaliyofumbana. Daktari akasema mkono hautoshi kumwambia kitu, yataka eksirei. Basi tukaenda hospitali yenye mashine, tukakalishwa benchi la nje mpaka Wazungu wamalize, kisha Wahindi, ndipo sisi. Hata mwanga wa kuona mifupa ulikuwa na zamu ya rangi. Jamaldin hakuweza kutukana. Nilitukana kwa niaba yake.

Walimlaza ubavu, wakampiga picha meno yamefumbana, kisha nyingine akiwa amejitahidi kufungua kinywa, kisha wakamgeuza upande wa pili. Daktari Nuruddin akazishika picha dirishani, akatuonyesha kichwa cha mfupa wa taya kilivyokaa katika kijishimo chake karibu na sikio. Upande wa kulia kilikuwa kinateleza mbele kinywa kikifunguka. Upande wa kushoto kilikuwa hakiendi popote, na chini yake palikuwa na ufa mweusi.

"Si pepopunda," akasema. "Ni mfupa umevunjika."

Khairiya akalia kwa furaha. Kisha daktari akatoa kitambaa kirefu cheupe, akakipitisha chini ya kidevu, akakifunga utosini, akaonya kisifunguliwe mpaka atakaposema yeye. Kilio cha dada yangu kikakatika. Sisi Waislamu tunamjua mtu anayefungwa taya namna ile. Alifungwa baba yetu, na aliyefunga ni yeye Khairiya.

Barazani watu wakafanya mzaha wao, kwamba sasa tajiri kampata hamali amtakaye, mwenye mabega asiye na mdomo.

Baada ya siku chache nikaenda kumtazama. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kasha, na Jamaldin amelala, kidevu kimekwenda upande.

"Nani kafungua?"

"Mimi," akasema Khairiya. "Kila akilala yuwatulia mno. Maiti ndiye hufungwa taya, kaka. Naogopa nisije nikamwitia mauti kwa mkono wangu."

Tulirudi benchi lile lile, tukangoja zamu ile ile. Picha mpya ilionyesha ufa umepanuka, kichwa cha mfupa kimelala upande.

"Mfupa ukiunga hivi ulivyo, kiungo kitaganda," Daktari Nuruddin akamwambia Khairiya. "Kinywa hakitafunguka tena maisha yake."

Akalisukuma taya kwa vidole gumba mpaka likarudi mahali pake. Jamaldin alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, jasho likimtiririka. Daktari akakunjua kitambaa. Khairiya akakichukua mkononi mwake.

"Nipe, nitafunga mimi," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Lakini usinitulie. Chezesha kidole cha mguu, nikione."

Akafunga. Mikono yake iliijua kazi ile. Alipokaza fundo utosini hakumtazama usoni. Alikuwa akitazama mguu.

Kidole gumba kikacheza. Kikatulia.

"Jamaldin," akaita.

Kikacheza tena.