Faili Namba Thelathini na Saba Lajifungua

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, mshonaji wa sare za shule alifika dirisha la tatu la ofisi ya vizazi na vifo, kamshika mkono Kidoti, binti wa marehemu dada yake. Alitaka mtoto aandikwe kwake ili apate cheti cha kuzaliwa. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki iliyofuata, na bila cheti hapokelewi mtu.

Karani alitoa faili jipya, akaandika 37 juu yake, akavuta kikokotoo. Akagawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa tano. Kila mara kilibaki kitu.

"Pole, mama. Faili lako limeangukia namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Sasa?"

"Tasa haandikiwi mtoto."

"Kaka yangu, tasa ni hiyo namba. Mtoto wangu huyu hapa, anapumua."

"Namwona. Tatizo ni faili."

Mshonaji akaomba apewe 38. Hiyo ilikuwa imeshachukuliwa na mzee aliyekuja kuandikisha kifo chake mwenyewe, naye alisema kasimama foleni tangu alfajiri, habadilishani na mtu.

Alhamisi mshonaji alirudi na Kidoti kubembeleza. Akakuta faili lake limelazwa juu ya meza, limevimba, linahema. Mfagizi wa ofisi, aliyewahi kuwa mkunga, alikuwa amekunja mikono ya gauni.

"Sogeeni, lipate hewa," akasema.

Saa nne kasorobo likajifungua salama. Mtoto alikuwa namba mia na kumi na moja, mwembamba, tarakimu zake tatu zimesimama wima. Karani akamgawanya kwa thelathini na saba, akapata tatu, hakikubaki kitu.

"Ni wake kabisa," akatangaza. Cheti kikatoka baada ya dakika kumi, karatasi bado ina joto la mashine. "Hongera, mama."

"Basi faili si tasa tena. Niandikie na Kidoti."

Karani akakuna kisogo. "Thelathini na saba ni tasa hata izae kila mwezi. Hesabu ndivyo ilivyo. Halafu faili lako sasa lina mtoto, na nafasi ni ya mmoja tu."

Mshonaji aliinama akamfunga Kidoti kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena, mpaka macho yake yalipokauka. Kisha akasaini kumpokea mia na kumi na moja, maana mzazi alikuwa yeye.

Jumapili alikaa kwenye cherehani, akaipunguza kiuno sare aliyomshonea Kidoti.

"Mama mdogo, yeye hana mikono," Kidoti akasema. "Mkoba ataubeba nani?"

"Utamsindikiza."

Asubuhi yake wakafika getini mwa shule wote watatu. Mlinzi akakisoma cheti mbele na nyuma, akaridhika.

"Na huyu wa kike?"

"Huyo bado hajazaliwa," mshonaji akajibu. "Kwa mujibu wa ofisi."

Mlinzi akatikisa kichwa kwa kuelewa. Walikuwa wameshapita kadhaa wa aina hiyo. "Mwenzako anajua kuhesabu?" akamuuliza Kidoti.

"Mpaka mia na kumi. Nimemfundisha mimi."

Kidoti akamtundikia mia na kumi na moja mkoba kwenye tarakimu ya katikati. Mlinzi akamwingiza peke yake, akafunga geti.