Sheria ya Kusimama

Fundi Suti alikuwa mtu wa kujidai, na tuseme ukweli, alikuwa na cha kujidai nacho. Koti likitoka mikononi mwake lilikaa mwilini kama limezaliwa na mwenyewe. Lakini watu wa siku hizi hununua suti zilizoning'inizwa dukani, kisha humletea yeye suruali za kupunguza miguu. Miezi mitatu mfululizo kodi ya chumba ilikuwa imempiga chenga, na mwenye nyumba, mtu asiye na maneno mengi, akampa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo kufuli, na vyombo nje, na mke wa fundi amesimama kando yavyo.

Pesa za kumwokoa zilikuwepo, tena karibu. Mafundi cherehani wa jengo alimofanyia kazi walikuwa na umoja wao, na umoja ulikuwa na mfuko wa shida. Kila fundi alichangia kila wiki, na aliyekwama alilipiwa kodi bila kudaiwa kitu. Kikwazo kilikuwa sheria moja. Mwenye kuomba alipaswa kusimama mbele ya wenzake wote, aseme shida yake kwa mdomo wake, kisha ajibu maswali. Na sheria hiyo aliitunga nani? Yeye mwenyewe, Fundi Suti, katibu wa umoja, baada ya mjanja mmoja kuchukua pesa za mfuko akanunulia redio. Siku ile alipigiwa makofi. Hakujua kwamba alikuwa anajipalia makaa.

Jumatano mchana akapita njia ya nyuma, asionekane, mpaka kwenye meza ya Mama Vifungo. Huyu alikuwa mjane, kazi yake kushona matundu ya vifungo, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kisanduku cha mfuko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo katibu ananong'ona, kulikoni?"

Fundi akainama karibu na meza. "Maji yamenifika shingoni, dada. Kodi imenishinda. Nilikuwa naomba unitolee kidogo, tuelewane mimi na wewe tu. Unajua heshima yangu mbele ya wale vijana."

Mama Vifungo akakata uzi kwa meno. "Heshima yako naijua. Mimi pia nilikuwa na yangu."

Fundi alijua anasema nini. Mwaka uliopita mama huyu alisimama kwenye kikao, mumewe hajamaliza hata miezi miwili kaburini, na katibu, kalamu mkononi, akamhoji mbele ya watu thelathini. Marehemu hakuacha kitu? Watoto wakubwa hawatumi chochote? Na hiyo simu nzuri umeipata wapi? Hapo watu walicheka. Mama akajibu kwamba simu ni ya marehemu, na kicheko kikakatika. Alipewa pesa, akaketi. Jioni ile Fundi Suti alimwambia mkewe kwamba kikao kilikwenda vizuri sana.

Sasa, mbele ya meza ile, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kesho kuna kikao," alisema Mama Vifungo. "Njoo usimame kama sisi."

Alhamisi akajikaza kisabuni. Asubuhi nzima alipiga pasi huku akijitungia majibu. Wakiuliza habari za kaka yake mwenye duka, aseme hawaelewani. Wakiuliza mkewe anafanya nini, aseme anaumwa mgongo, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini lilimchoma kulisema. Saa yake ya mkononi aliivua akaiacha nyumbani, isije ikaulizwa ni ya bei gani.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye shida, Fundi Suti alisimama. Cherehani zote zilinyamaza. Hotuba aliyoiandaa ikamtoka kichwani yote.

"Ni kodi," alisema. "Miezi mitatu. Kesho tunatolewa nje, mimi na mke wangu."

"Kuna swali?" akauliza mwenyekiti.

Hakuna aliyefungua mdomo. Hata yule fundi wa jezi, ambaye hupita siku bila kula lakini si bila kumtania mtu, alikuwa akitazama viatu vyake. Fundi Suti alisubiri. Aliona heri wangemcheka.

"Niulizeni basi," alisema. "Ndiyo sheria."

Mama Vifungo akajibu kutoka nyuma. "Tukuulize nini, fundi? Umekwama, tumesikia."

Mikono ikanyooshwa kukubali, yote. Fundi Suti akaketi akajifunika uso. Kodi ilikuwa imeshamtoka akilini. Aliyekuwa akimwona ni yule mjane, amesimama pale pale, akijibu swali baada ya swali.

Watu walipotawanyika, Mama Vifungo alimhesabia pesa, naye akatia sahihi.

"Dada, nilikukosea mwaka jana. Nilikudhalilisha mbele za watu. Naomba unisamehe."

Mama akamtazama, wala si kwa hasira.

"Nimekusikia," alisema, akifunga kisanduku. "Ila msamaha sijafika huko bado. Wewe nenda kalipe, ofisi ya mwenye nyumba inafungwa saa kumi."