Kifungo Chekundu cha Yolande

Nguo ikichakaa nyumbani kwa Yolande, haigeuki tambara kabla ya kupitiwa na wembe. Anakata vifungo vyote, anavitunga kwenye uzi wa nyavu, anapiga fundo, kisha anavitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ana vifungo vya sare za shule, vya makoti ya marehemu, vya suruali za watu waliokwisharudi Kongo. Anavijua kimoja kimoja, vilikotoka na mwaka gani. Dany, mumewe, hupenda kuwaambia wageni kwamba wenzao walikimbia vita na sufuria, mkewe akavuka ziwa Mweru na kopo.

Kwa hiyo siku ya kumchagua mtunza ufunguo wa pampu ya maji, pale kijijini Kafutuma, karatasi za kura zilipokosekana, katekista alijua pa kwenda. Wagombea walikuwa wawili: Yolande, na Ireen muuza samaki, mzaliwa wa hapohapo. Yolande aliutaka ufunguo ule kupita kiasi. Miaka minane amepanga foleni kwenye pampu ile akiitwa mama wa ng'ambo, na mwenye ufunguo, kwa hesabu zake, haitwi wa ng'ambo.

Vifungo alivigawa mwenyewe. Nani mwingine angeruhusiwa kutia mkono kwenye kopo lile? Kila mtu alipokea kimoja ndani ya ngumi, akaenda nyuma ya kitenge kilichotundikwa na kukidondosha kwenye ndoo ya amtakaye. Ireen alipewa cheupe chenye kung'aa. Dany alipewa kilicho bora kuliko vyote, kifungo chekundu cha koti la mama yake Yolande, kikubwa kama kizibo cha soda, kisicho na mwenzake. Yolande alichukua cha kahawia na, kwa adabu, akakitia kwenye ndoo ya Ireen. Mtu mstaarabu hajipigii kura.

Katekista alihesabu mbele ya watu, akiinua kifungo kimoja kimoja. Kwenye ndoo ya Yolande kikatoka kile cheupe. Kumbe Ireen naye ana adabu. Adabu mbili zikafutana, na Yolande akatulia. Kisha ikaja ndoo ya Ireen.

"Ee, hii njo kifungo!" alisema katekista, akakiinua kile chekundu hata wa nyuma wakakiona. Watu wakashangilia. Aliyekipokea alikuwa anatazama viatu vyake.

Kumi na nne kwa kumi na tatu. Yolande alipiga makofi kama wengine, akakusanya vifungo vyake na kwenda nyumbani. Iliuma, tena sana.

"Dany, juu ya nini?" aliuliza wakiwa wawili.

Dany hakujifanya haelewi. "Mwenye ufunguo banamupigia hodi mbele jua itoke. Kila siku. Mi napenda kulala, mama."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Angalau angemdanganya kidogo. Yolande aliinuka, akaenda kuanika samaki.

Jumapili ilikuwa zamu ya Dany kusoma kanisani. Shati lake jeupe halikuwa na kifungo cha shingo tangu Pasaka. Jumamosi Yolande alimshonea, kwa uzi wa nyavu, akapitisha sindano mara nane, na tundu akalipanua kwa wembe. Asubuhi alimfunga mwenyewe, kama afanyavyo kila Jumapili, kwa sababu vidole vya Dany ni vinene na kioo hawana.

"Inakaza," alisema Dany.

"Inua kidevu."

Alisoma vizuri. Kanisa lilikuwa kimya kuliko kawaida. Dany akafurahi, akazidisha sauti. Kwenye benchi la mbele, Ireen, ufunguo wa pampu kifuani, aliitazama shingo ile kwa muda mrefu, kisha akamwinamia Yolande.

"Ba Yolande," alinong'ona, "ile kifungo si ilikuwa mu ndoo yangu?"

"Ilikuwa," alisema Yolande. "Nimeirudisha kwa mwenyewe."