Mbegu za Mfukoni mwa Koti

Koti lile nililinunua kwa Rahim, muuza mitumba wa sokoni Tukuyu, mwaka wa pili tangu serikali iruhusu tena biashara ya mitumba. Mfukoni nilikuta pakiti ya karatasi yenye picha ya ua jeupe, refu kama tarumbeta. Kiingereza chake nilikisoma mwenyewe, maana madarasa ya jioni sikuyahudhuria bure. Ua la jangwani. Mbegu zilowekwe siku nzima, zipandwe mchangani. Na mstari wa mwisho: kila sehemu ya mmea huu ni sumu.

Mstari huo sikumsomea mke wangu, Elina. Nilijua angeitupa pakiti motoni.

"Mwalimu, inasemaje?" aliuliza. Aliniita hivyo alipotaka kunitania.

"Inasema hili ni ua la watu wavumilivu."

"Basi si lako."

Mbegu zilikuwa ishirini. Nilizipanda kwenye debe la mchanga wa mtoni, chini ya upenu, maana mvua ya kijijini kwetu Suma ingeziozesha. Ilitoka miche mitatu tu. Niliihamishia mbele ya nyumba, wapita njia waione. Mchanga uliobaki niliumwaga nyuma ya jiko, kwenye jivu, nikiamini mbegu nyingine zimekufa.

Kwenye jivu ndiko mnafu, mboga yetu ya majani, huota wenyewe. Kwetu hakuna mwanamke anayepanda mnafu. Anauchuma tu unapojiotea.

Alhamisi moja nilirudi kutoka kupima majani ya chai, saa tisa mchana. Elina alikuwa amekaa kizingitini, akichomoa hewani nyuzi ambazo mimi sikuziona. Nilimshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto. Mboni zake zilikuwa zimepanuka mpaka macho yote yakawa meusi.

"Mama Lukasi!" nilimwita.

"Fukuza hawa kuku," alisema kwa sauti iliyokauka.

Hapakuwa na kuku hata mmoja.

Jikoni sufuria ya mboga ilikuwa imeliwa nusu. Nilikimbia nyuma. Katikati ya mnafu palikuwa na vikonyo vilivyochumwa karibuni, vinene kuliko vingine. Nilisugua jani moja, nikanusa. Harufu ya karanga zilizooza, ile ile ya maua yangu ya mbele.

Jirani yetu Ambilikile alifika na wanawe wawili. Alimtazama Elina, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu amechezewa. Tumvushe mto, kwa mtaalamu."

"Zahanati," nilisema.

"Zahanati watasema malaria, wamdunge kwinini. Baba Lukasi, wewe ni msomi, lakini hapa masomo hayaingii."

Elina alianza kucheka peke yake. Nikaona wazi kwamba nikinyamaza atakufa, ama ng'ambo ya mto, ama kwa dawa isiyo yake.

"Hajachezewa," nilisema. "Amekula majani ya ua langu. Ni sumu."

"Umejuaje?"

"Nilisoma kwenye pakiti ya mbegu, siku ya kwanza."

Ambilikile hakutaja mto tena. Aliwaambia wanawe walete machela, tukamkimbiza zahanati. Mimi nilibeba mmea mmoja na ile pakiti. Mganga wa zahanati aliusoma mstari wa mwisho mara mbili, akaweka chini bomba la sindano alilokwisha kuandaa, akatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Siku mbili Elina aliongea na marehemu mama yake. Siku ya tatu aliomba maji, akanitambua.

"Ulinisomea nusu," alisema.

Mimea ya mbele niliing'oa, nikaifukia shimoni. Lakini mvua haijakatika, na kila asubuhi jivuni kunachomoza vijani viwili viwili. Ni mnafu, au si mnafu? Vikiwa vidogo hivyo siwezi kuvitofautisha. Ninang'oa vyote. Elina husimama mlangoni pa jiko, mkono kwenye fremu, akiangalia vidole vyangu.

"Mbegu zimebaki ngapi?"

"Sijui," ninamjibu.

Mboga siku hizi ananunua sokoni, na kabla ya kuipika huinusa jani moja moja.