Cyusa Aonje Kwanza

Pale kijito cha Mururu kinapoingia ziwani, maji yanafika magotini na chini yake kuna tope. Hapo ndipo Nzigire alipofugia bata wake. Alikuwa mjane wa kabila la Washi, kutoka Bukavu, upande wa Kongo. Alivuka daraja la mpaka na bata ndani ya kapu mwaka vita vya pili vya Kongo vilipoanza, baada ya watu wenye bunduki kumuua mumewe Muhigirwa mlangoni mwa nyumba yao na kumwambia mke kwamba zamu yake itafika.

Watu wa kilima hawakumpenda, ila walimvumilia. Hakuna aliyelitaka lile tope. Bata nao hawakuliwa pale. Walionekana ndege wa uchafu. Mayai yake aliyauza Bukavu kwa mkono wa Mulume, mchukuzi wa mizigo kwenye daraja la mpaka la Rusizi ya Kwanza.

Bata walilishwa na tope lenyewe. Ndani yake kulikuwa na konokono weusi wadogo kama maharage, kaa, na vidudu vya mikia mitatu vinavyojishika chini ya mawe. Kila asubuhi Nzigire alizamisha mkono mpaka kiwiko, akachota tope, akalifungua kiganjani. Konokono wakiwa wengi, aliwaacha bata hapo. Wakiwa wachache, aliwasogeza mbele. Mfugaji wa ng'ombe anaangalia majani. Yeye aliangalia tope.

Kisha Cyusa akafungua karakana ya ngozi huko juu. Alizaliwa Bukavu na wazazi wakimbizi, akarudi nchi ya wazazi wake baada ya mauaji ya kimbari, akiwa na kichwa cha biashara. Alichimba mashimo, akayatia chokaa, akaloweka ngozi humo mpaka manyoya yatoke. Shimo likichoka, alichomoa kizibo na maji meupe yakashuka kijitoni. Nusu ya wanaume wa kilima walifanya kazi kwake. Baada ya miaka ile ya mauaji na kambi, aliyekupa kazi hukumuuliza maji yake yanakwenda wapi.

Konokono walitangulia kufa. Magamba yakabaki matupu, meupe. Kaa wakatoka majini wakafia kwenye nyasi. Chini ya mawe hapakubaki kitu. Tope likawa jeusi, likanuka kama yai bovu, na ndani yake ikajaa minyoo myekundu, myembamba kama uzi. Bata wakakonda, wengine wakafa.

Nzigire akapanda mpaka karakana.

"Papa Cyusa, mayi yako inaua kule chini. Konokono zote zimekufa."

Cyusa alikuwa anakwangua ngozi. Hakuinua kichwa. "Maman, batu bamekufa hapa mpaka tukakosa wa kuzika. Na weye unaniletea kilio cha konokono?"

Wafanyakazi wakacheka. Mmoja akauliza kama konokono hao wamebatizwa. Nzigire akashuka.

Haukupita muda, ng'ombe wa Nzabonimana, mwekundu mwenye doa jeupe, akafa. Alikunywa pale mlangoni mwa kijito, akavimba, akaanguka. Nzabonimana alikuwa mvuvi wa ndoana, na ng'ombe huyo ndiye kitu pekee alichopata tangu arudi kutoka kambini. Mkewe Dative alilia kama amefiwa na mtu. Cyusa akatuma watu waje kuichukua ngozi.

Watu wakaanza kuuliza: nani yuko pale kila alfajiri, mkono ndani ya maji? Mshi. Na Washi, walisema, wanajua karuho, ile sumu inayoua polepole. Dative alilisema kanisani, kwa sauti.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Kayitare akawaita watu kwenye mlango wa kijito. Kayitare alikuwa nyumbakumi; yeye ndiye aliyeamua nani akae na nani aondoke katika nyumba kumi alizozisimamia. Nzigire hakuwa na karatasi yoyote. Akiambiwa aondoke, anarudishwa darajani, na ng'ambo wale wenye bunduki walikuwa bado wapo. Kila aliyesimama pale alilijua hilo.

Waliongea Kiswahili, maana wengi walikulia Kongo na Nzigire hakusikia Kinyarwanda vizuri.

"Maman Nzigire," alisema Kayitare, "batu banasema ni weye ulitia kintu mu mayi."

"Mi nitie sumu mahali bata yangu inakula? Niko mujinga?"

"Mulozi anajua dawa ya bata yake," alisema Dative.

Nzigire akanyoosha kidole kwa Cyusa, aliyekuja na suti yake ya kanisani. "Sumu inatoka kule juu, kwa shimo zake. Munajua. Munafanya kazi mule, mikono yenu imebabuka."

Wanaume wakatazama chini. Kayitare akakohoa.

Hapo Nzigire akafanya kosa. Alikuwa amewaona watu hawa kwenye harusi na kwenye misiba: mwenye pombe anaonja yeye kwanza, mbele ya macho ya wote, ndipo anampa mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Hata ndugu kwa ndugu. Akaona awashike kwa desturi yao wenyewe.

"Kwenu mwenye pombe anaonja kwanza," alisema. "Mayi ni ya Cyusa. Cyusa aonje kwanza!"

Watu wakaguna. Neno lilikuwa zuri. Hata Nzabonimana akatikisa kichwa kukubali. Wote wakamgeukia Cyusa.

Cyusa hakubisha. Siku hiyo mashimo yake yalikuwa yamezibwa, na usiku mvua kubwa ilikuwa imekisafisha kijito. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Akachota kwa viganja juu juu, akanywa. Akachota tena. Akajifuta midomo kwa kitambaa.

"Haina hata chumvi," alisema. "Nani mwingine anasikia kiu?"

Vicheko vikalipuka. Kayitare naye alicheka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Angalieni chini!" Nzigire alipiga kelele. "Mayi inapita! Ya leo haiko ya jana! Angalieni tope!" Aliinama, akazamisha mkono, akatoa tope jeusi, akalifungua mbele yao. Harufu ikawapiga puani. Mlikuwa na magamba meupe na minyoo myekundu ikijinyonganyonga. "Mbele kulikuwa konokono. Kulikuwa kaa. Sasa ni hii tu."

Nzabonimana akasogea, akatazama. "Minyoo!" alisema. "Minyoo mingi hivi? Mahali pamekufa panazaa minyoo mingi hivi? Hii ni chakula ya samaki, Maman. Hapa pana uzima kupita zamani."

"Cyusa ameonja," alisema Dative. "Sasa weye onja."

Nzigire akainama achote maji.

"Hapana," alisema Cyusa taratibu. "Mi nimesema mayi ni muzuri, nimekunywa mayi. Weye unasema sumu iko mu tope. Kama haukuitia weye, unaogopa nini? Onja tope."

Nzigire alilitazama tope lililokuwa bado kiganjani. Alisita. Si sana, lakini wote walimwona, na baada ya hapo hakuna alichoweza kufanya. Wanawake wawili wakamshika mabega. Akalitia mdomoni, akatafuna magamba, akameza. Akameza tena kwa sababu Dative alisema bado. Kisha akatapika juu ya viatu vya Kayitare.

"Sumu imemurudia mwenyewe," alisema Dative. Kila mmoja alijua kwamba tope likiliwa linatapisha. Kila mmoja alijua pia ni nani anayempa kazi.

Kayitare alipangusa viatu kwa nyasi. "Mumupeleke Rusizi ya Kwanza," alisema. "Leo."

Hawakumwacha achukue nguo. Bata waliobaki walivunjwa shingo na kutupwa ziwani. Wanaume wanne walimsindikiza, nao walikuwa wa karakana.

Jioni Mulume alipita kwa Kayitare akitokea mpakani. Alimkuta nyumbakumi ameketi nje, miguu ndani ya beseni.

"Yule Maman wa bata nimemuona ng'ambo," alisema Mulume. "Alichukuliwa na banaume bawili, pale tu baada ya daraja."

"Bandugu zake?"

"Bandugu hawaburuti muntu kwa nywele, Mzee."

"Basi amefika," alisema Kayitare, akaomba sabuni.

Kesho yake Nzabonimana alishuka na kopo lake. Alizamisha mkono mpaka kiwiko, akachota, akafungua kiganja, kama alivyokuwa akifanya yule mwanamke. Minyoo ilikuwa mingi kweli. Alijaza kopo huku akipiga mluzi. Alipochota tena, kitu kililala juu ya vidole vyake, akakitazama kwenye mwanga: kishungi cha manyoya ya ng'ombe, mekundu yenye doa jeupe. Aliyajua. Yalikuwa ya ng'ombe wake.

Juu kilimani Cyusa alikuwa amechomoa kizibo. Maji yaliyomzunguka Nzabonimana yalianza kuwa meupe, kwanza magotini, kisha mpaka ziwani.

Aliyasuuza manyoya mkononi mpaka yakaondoka. Kisha akachukua kopo lake, akaenda kuvua.