Gitaa la Mtu Aliyekwisha Kuliliwa

Binti aitwaye Sikujua alilitambua gitaa kabla hajasoma bei yake. Lilikuwa limepigwa picha juu ya meza ya mbao, kati ya redio mbili zilizofumuliwa, na aliyelitangaza katika kundi la wanamuziki wa kwaya alikuwa ameandika maneno machache tu: gitaa la besi, la umeme, mkono wa pili, linalia vizuri, Runzewe. Lakini rangi ile ya kijani hakuna kiwanda kilichowahi kuipaka. Ilikuwa rangi ya milango ya shule ya msingi ya kijijini kwao, mabaki ya kopo ambalo kaka yake Maduhu aliliomba kwa mwalimu mkuu, akalipaka gitaa kwa brashi ya viatu mpaka likafanana na dirisha la ofisi ya kijiji.

Na Maduhu alihesabiwa miongoni mwa wafu tangu Juni ya mwaka uliopita.

Duara, yaani shimo alilokuwa akichimba dhahabu, upande wa Geita, liliporomoka watu sita wakiwa chini. Watano walitolewa wakiwa wamekufa. Wa sita, aliyeandikwa katika daftari la karani kwa jina la Besi, mwamba ulikataa kumtoa. Besi ndilo jina alilojulikana nalo Maduhu machimboni, kwa ajili ya gitaa hilo hilo. Mwenye duara alituma kijijini gunia la mchele na ujumbe kwamba kijana wao amelala pazuri. Mchele ukaliwa, ujumbe mama yake aliukataa.

Miezi kumi na minne ilipita Mama Maduhu akilala chini, juu ya mkeka wa msiba, kwa kuwa bila mwili hapana kaburi, na bila kaburi matanga hayamalizwi. Alikula kwa kuonja. Alijibu salamu kwa kope. Hatimaye wazee wa ukoo walikaa wakaamua: lichimbwe kaburi, kizikwe kitu kilichokunywa jasho la marehemu, mama anyanyuke. Nguo zake ziliibwa kambini wiki ile ile ya ajali. Kilichobaki duniani na jasho la Maduhu ndani yake ni gitaa, nalo hakuna aliyejua liliko, mpaka Sikujua alipoliona kwenye simu, siku tatu kabla ya Jumamosi ya maziko.

Sikujua alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Mwanza. Alikuwa binti aliyeamini kwamba kila jambo lina maelezo, na kwamba maelezo yakitafutwa kwa moyo safi hupatikana. Kesho yake alipanda basi la alfajiri. Saa tisa za mchana alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha fundi redio Kalisti, kando ya barabara kuu ya Runzewe, vumbi la malori likimpitia mgongoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, dada. Wewe ndiye uliyepiga simu ya besi? Nilisikia sauti nikasema huyu anamtuma mumewe."

"Nimejituma mwenyewe."

"Unapiga?"

"Ninasoma chuo."

"Basi hela huna." Kalisti alicheka, akafuta mikono kwenye shati lake, akaliteremsha gitaa kutoka ukutani. "Lakini lishike. Kushika hakulipiwi."

Alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu apokeaye mtoto mchanga wa mwenziwe. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Pale kidole gumba cha Maduhu kilipokuwa kikiegemea, rangi ilikuwa imelika mpaka mbao ikaonekana, laini, nyeusi kidogo, ikiwa na umbo la kidole. Sikujua aliweka kidole chake hapo. Hakikupajaza, palikuwa pakubwa.

Kalisti alichomeka waya katika spika, akawasha. Ngurumo nzito ikajaa kibandani hata kabla ya uzi kuguswa.

"Hiyo ni waya ya ardhi tu," alisema. "Nitaichomelea bure. Aliyeniuzia alikataa nisiliwashe mbele yake. Alilipiga kavu, bila umeme, sikio lake kaliegemeza kwenye mbao, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa. Nikamwambia, kaka, hilo ni la umeme. Akasema, najua, ndiyo maana."

"Alikuwa nani?" Sikujua aliuliza. Alikuwa amejiandaa kusikia habari za mwizi: kijana fulani aliyechukua mali ya marehemu kambini.

"Jina hakutaka kusema. Ila picha ninayo." Kalisti alikuwa tayari anapekua simu yake. "Mwaka juzi niliuziwa spika ya wizi, nikalala mahabusu siku mbili. Tangu hapo, mtu haniuzii hata kijiko bila kumpiga picha amekishika. Tarehe inajiandika yenyewe. Polisi wakija, nawaonyesha, tunaagana kwa amani. Huyu hapa. Machi, mwaka huu."

Sikujua alitazama.

Kijana katika picha alikuwa amelikumbatia gitaa la kijani, amegeuza uso kidogo, kama aliyeitwa na mtu aliye nje ya picha. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Nywele zilikuwa zimekua ovyo. Lakini sikio la kushoto lililokatika ncha, lililong'atwa na mbwa wa jirani Maduhu alipokuwa na miaka saba, lilikuwa pale pale. Alikuwa Maduhu, miezi tisa baada ya kuliliwa.

Aliketi juu ya betri ya gari iliyokuwa karibu. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alihisi jambo ambalo vitabu vyake havikuwa na safu ya kuliweka.

"Huyu ni kaka yangu," alisema. "Alikufa Juni, mwaka jana."

Kalisti aliiweka simu mezani taratibu, kioo kikiangalia chini. Akarudi nyuma hatua moja, akagusa msalaba uliokuwa shingoni mwake.

"Dada, usinitanie. Mimi nina watoto."

"Sikutanii."

"Basi nimenunua kwa msukule!" Sauti yake ilipanda. "Nilisema mimi! Mtu hatazami usoni, hali, nimempa chapati kaishika tu! Wamemtoa kaburini wanamlimisha mashamba ya watu, katoroka nalo..." Aliichukua simu tena, akaisogeza karibu na macho, akaikagua picha kwa muda mrefu. "Hapana. Ana kivuli. Ona ukutani. Msukule hana kivuli."

Lori lilipita, nyuzi nne za gitaa zikatikisika zenyewe mapajani mwa Sikujua.

"Alikwambia nini?" aliuliza. "Yote, fundi. Hata lile uliloliona la kipuuzi."

Kalisti alivuta kigoda, akaketi mbali naye kidogo.

"Aliuliza nauli ya Kasulu. Nikamwuliza una ndugu huko? Akasema, namtafutia mtu kwao, ila mtu mwenyewe jina lake silijui. Nikaona homa imempanda kichwani. Nikamwacha aseme."

Naye Maduhu alisema. Asubuhi ya ajali aliamka na homa, hawezi kusimama. Palikuwa na kijana mgeni kambini, ana wiki moja tu, lafudhi ya Kiha, hajapata kundi la kumpokea. Wote walimwita Kigoma, kwa kuwa huko ndiko alikotoka, upande wa Kasulu. Kijana akaomba: niazime jina lako nizame zamu yako, mawe nitakayotoa tugawane nusu kwa nusu. Ni jambo la kila siku. Karani wa duara huandika majina ya utani, wala haangalii nyuso. Jina likishaitwa na mtu akaitika, mtu huyo ndiye. Kijana akaitika "Besi", akashika kamba, akashuka.

Sikujua alilielewa hilo mara moja, na akatamani asingelielewa.

"Basi duara likaanguka," Kalisti aliendelea, akiwa ameshusha sauti. "Kaka yako akajikokota mpaka mdomoni mwa shimo. Kundi lake lote lilikuwa chini. Waliokuwa juu ni watu wa maduara mengine, hawamjui. Wanaokoa huku wanaita majina. Wakafika kwake. Besi! Besi! Kama u hai, gonga! Na aliye chini akagonga. Kaka yako amesimama nyuma ya watu, anasikia anaitwa, anasikia anaitika, na mdomo wake umefumba. Siku tatu, dada. Ya nne kukawa kimya."

"Kwa nini hakusema?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Alisema mwanzoni alimwogopa mwenye duara. Baadaye woga ukaisha, ikabaki aibu. Woga una dawa, aibu haina." Kalisti alikuna kidevu. "Nikamwambia rudi kwenu. Akasema: kwetu wameshalia. Nikirudi wataniuliza ni nani yuko kule chini, na mimi simjui jina. Yule mtu alikufa akiitika jina langu. Walau nimpelekee mama yake habari, ndipo nitafute langu."

"Na namba ya simu?"

"Hana simu. Ilikuwa Machi, na sasa ni Agosti. Sijamwona tena."

Sikujua aliomba atumiwe ile picha, akalipa bila kuvutana. Kalisti mwenyewe ndiye aliyepunguza bei, kisha akapunguza tena, kama mtu anayetaka kitu kitoke nyumbani mwake kabla jua halijazama. Alilifunga gitaa kwa kitenge, akalala kwa rafiki yake Loveness aliyekuwa akifundisha hapo mjini, na usiku kucha hakuligusa.

Ijumaa mchana alishuka njia panda ya kwao. Tayari aliona udongo mwekundu umerundikwa nyuma ya nyumba, kandokando ya migomba, na majembe mawili yamesimikwa juu yake. Baba yake mdogo, Thobias, alikuja kumpokea akitabasamu.

"Umelipata! Mungu ni mwema. Kaburi limekwisha tangu asubuhi, tumechimba refu kama la mtu."

"Baba mdogo, namtaka Mayu kwanza. Peke yake."

Mama Maduhu, ambaye wanawe walimwita Mayu, alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka, nywele zake za mwaka mzima na zaidi zimefungwa kwa kitambaa cheusi. Sikujua alipiga magoti, akaamkia, kisha akasema yote, kuanzia rangi ya mlango wa shule mpaka nauli ya Kasulu. Alisema polepole, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kujenga hoja. Kisha akaonyesha picha.

Mama hakupiga kigelegele wala kulia. Aliishika simu kwa viganja viwili, akaitazama mpaka kioo kikazima, akaomba kiwashwe tena.

"Amekonda," alisema.

"Ndiyo, Mayu."

"Na aliyekuwa akigonga. Alikuwa na miaka mingapi?"

"Hatujui."

"Mama yake anajua."

Thobias, aliyekuwa amesikiliza mlangoni, aliingia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelisha waombolezaji kwa mwaka mmoja na miezi miwili. "Shemeji," alisema, "picha ya Machi si mtu. Huenda hata sasa kafa njiani. Kaburi liko wazi, na kaburi lililochimbwa haliachwi bila kitu. Likilala tupu litamwita mmoja wetu. Tuzike gitaa kesho kama tulivyopanga. Habari hizi zibaki humu ndani."

"Kuzika kitu cha aliye hai ni kumzika yeye," Mama Maduhu alijibu. "Maduhu alinyamaza siku tatu. Sisi tutanyamaza miaka mingapi?"

"Basi tuweke nini?"

"Kata mgomba."

Jumamosi mgomba ulikatwa urefu wa kijana, ukaoshwa kwa maji ya moto, ukavikwa sanda, kama ilivyokuwa ikifanywa zamani kwa waliopotea porini. Watu walikuwa wengi, na wengi hawakuelewa. Sikujua ndiye aliyesimama kuwaambia, mbele ya kaburi, bila kuficha la kaka yake. Alipomaliza, pakawa na minong'ono, na wapo walioondoka. Katekista Edward akafungua kitabu, akafika pale panapotakiwa jina la marehemu, akasimama. Alimtazama Thobias. Thobias alitazama udongo.

"Kigoma?" katekista aliuliza kwa sauti ndogo.

"Huo ni mkoa," Mama Maduhu alisema. "Acha pawe wazi. Soma linalofuata."

Akasoma linalofuata. Pale pengo lilipopita, Sikujua alihisi kila aliyekuwepo akikaza sikio kuelekea chini, hata watoto, na upepo ulipogusa migomba baadhi yao walirudi nyuma. Kisha udongo ukaanza kumwagwa.

Alasiri shangazi Suzana alileta beseni la maji na wembe mpya, kwa kuwa maziko yalikuwa yamekwisha na sasa mama alipaswa kunyolewa, nywele za msiba zitupwe, alale tena kitandani. Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya kitanda cha Maduhu, limefunikwa kwa kitenge. Suzana alifungua kile kitambaa cheusi, akailowesha mikono.

Mama Maduhu aliushika mkono wake, akausukuma pembeni bila nguvu.

"Hizi si zangu za kunyoa, wifi. Msiba huu una mwenyewe, yuko Kasulu, na hajaambiwa." Aliokota kitambaa, akajifunga tena kichwani, fundo moja, fundo la pili. Kisha akamgeukia Sikujua. "Ile nauli aliyoulizia kaka yako. Ni shilingi ngapi?"